Nyumba Isiyo na Msumari

Ukimuuliza mtu yeyote wa bandarini Kisangani habari za jengo la matofali lililo kando ya mto, lile lenye mlango mmoja mpana na kuta nene kupita kiasi, atakuambia ni nyumba ya Mungu. Ugomvi huanza ukimuuliza Mungu wa nani. Sisi Waislamu ambao wazee wetu walitoka Maniema tulisema ni msikiti wa kwanza wa mji, wa siku za wafanyabiashara wa misafara, kabla Wabelgiji hawajafika. Wamama wa Kigenya wanaoleta samaki kutoka kwenye maporomoko walisema ni kanisa dogo la mapadri wa mwanzo. Ushahidi wa pande zote mbili ulikuwa ule ule mmoja: hakuna mtu anayeingia mle na viatu.

Hilo lilikuwa kweli tupu. Tangu nipate akili niliona safu ya kandambili pale mlangoni. Wauza samaki, wabeba magunia, mkaguzi wa afya, polisi wa bandari, wote waliacha viatu nje. Wala si viatu peke yake. Mle ndani hakuwashwi moto, hata kiberiti cha sigara, na mwenye panga au shoka huliegemeza ukutani nje kabla ya kuingia. Sauti nazo zilishushwa. Sisi watoto tuliamini kwamba Mungu wa mle ana usingizi mwepesi.

Lakini hapakuwa mahali pa kusali. Palikuwa depo ya mama yangu. Zamani kampuni moja ilikuwa ikihifadhi mle kahawa yake, kisha ikaondoka mjini na kuacha mlango wazi kwa mbuzi. Mama na wenzake, Waislamu na Wagenya, walifagia kinyesi, wakanunua kufuli, wakaingiza vikapu vya samaki wa moshi. Baadaye ulikuja mchele wa Yanonge kwa mtumbwi na karanga za Banalia kwa barabara. Hakuna aliyewapa ruhusa na hakuna aliyewanyima. Mama ndiye aliyeshika ufunguo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mdomo mkali kuliko wote.

Mji wetu una mvua na unyevu wa kuozesha hata chumvi. Samaki wa moshi akilala siku tatu kwenye vibanda vya soko, anaota ukungu. Katika chumba cha ndani cha depo, chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka chini na matundu membamba ukutani, samaki yule yule anakaa wiki baada ya wiki akiwa mkavu. Wamama wote wa pale wamesomesha watoto wao kwa sababu ya chumba kile. Nami nimesomeshwa nacho, mpaka chuo kikuu, nikatoka na digrii ya historia na harufu ya moshi kwenye nywele.

Nilikuwa na miaka tisa majeshi mawili ya nchi jirani yalipouchagua mji wetu kuwa uwanja wa ugomvi wao. Siku sita mabomu yalipita juu ya nyumba zetu na mengine hayakupita, yaliangukia humo humo. Mtaa mzima ulikimbilia ndani ya kuta zile. Tulikula samaki mkavu na mchele mbichi uliolowekwa, kwa maana hata siku zile mama hakuruhusu moto. Siku ya nne, mchana jua likiwa kichwani, askari mmoja alisimama mlangoni na bunduki mkononi, buti zake zimejaa matope mekundu. Watu walikwisha kuanza kulia. Mama aliinuka, akaenda, akasimama mbele yake, kifua chake kikiwa karibu kugusa mtutu.

"Toa viato," alisema. "Hapa kila mutu anatoa."

Askari alimtazama. Akatazama safu ya kandambili, nyingine za watoto. Kisha akaketi kizingitini, akafungua kamba, moja baada ya nyingine, akavua. Aliingia, akaomba maji, akanywa, akatoka, akavaa buti zake na kwenda zake. Baadaye nilimuuliza mama kama hakuogopa. "Niliogopa sana," alijibu. "Lakini alitoa."

Nayasimulia haya ili ieleweke mama yangu ni mtu wa namna gani, na kwa nini jambo nililomtendea lilikuwa baya.

Mwaka juzi alikuja kutoka Kinshasa bwana mmoja ambaye sote tulimwita Directeur, yaani mkurugenzi. Alikuwa na mradi wa majengo ya kale. Alitaka jengo linaloangalia mto, aligeuze kuwa jumba la makumbusho lenye mgahawa na baraza ya wageni, na jicho lake likaangukia depo yetu. Shida yake ilikuwa moja. Kila ofisi aliyoingia aliambiwa kwamba ile ni nyumba ya Mungu, na hakuna kiongozi wa mji huu mwenye hamu ya kufukuza watu katika nyumba ya Mungu, hasa nyumba inayodaiwa na Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Alihitaji mtu wa kumwandikia historia ya jengo. Akaelekezwa kwenye shule ninayofundisha.

Alinikuta darasani, mikono yangu myeupe kwa chaki. "Madame l'historienne," aliniita, yaani Bibi Mwanahistoria.

Jamani, kichwa kilivimba. Miaka kumi nilikuwa nafundisha tarehe za watu wengine kwa watoto waliosongamana kwenye benchi bovu, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nyumbani mimi ni mtoto wa mama depo. Shuleni mimi ni madame wa histoire. Yule bwana alitaka ukurasa mmoja tu wenye sahihi yangu chini yake. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Alisema mradi utalinda jengo, nami nikasikia neno kulinda, wala sikuuliza ni kumlindia nani.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Alikuwa anageuza samaki kwenye kikapu, mmoja mmoja, akiwanusa.

"Historia ya nini?" aliuliza. "Depo iko depo."

"Mama, mji unatakiwa ujue pale palikuwa nini."

"Bon. Andika ya kwako. Ya depo, acha."

Nilimwona kuwa mama mzee asiyesoma anayeogopa karatasi. Hilo naliandika hapa kwa aibu, lakini naliandika.

Ikatokea kwamba ubao mmoja wa sakafu ya chumba cha ndani ulioza, mama akanituma kwa fundi. Alikuwa Mgenya mzee anayeunda baleinière, zile boti kubwa za mbao zinazobeba watu na magunia mtoni, na sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Kwa kufuata desturi aliacha nyundo na patasi nje, akaingia na nyundo ya mti na kabari. Mimi nilikaa kando yake na daftari langu la mwanahistoria, nikisubiri ubao utoke ili nione kama chini kuna jiwe lenye maandishi.

Tonton alipitisha vidole kwenye ubao, akitafuta vichwa vya misumari. Mtu wa baleinière hutupa mbao mbovu lakini msumari huunyosha na kuutumia tena. Alipapasa huku, akapapasa kule. Akahamia ubao wa pili, wa tatu, wa mwisho kabisa ukutani.

"Mwalimu, kuja uone," aliniita. "Hapana na musumari. Hata moja."

Mbao zote zilishikwa kwa vijiti vya mti mgumu, vimepigwa sawasawa na kukatwa usawa wa sakafu. Alivisifu sana, kwa kuwa ni kazi ngumu. Kisha aliinuka, akaenda mlangoni, akakwangua kwa ukucha rangi nyeusi ya bawaba. Chini yake palikuwa pa njano. Akakwangua komeo la zamani. Njano pia.

"Shaba," alisema. "Ile nyumba yote haina chuma."

Akanieleza akiwa amechuchumaa, polepole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito. Ujanani alifanya kazi ng'ambo, kwenye njia ya treni, walipokuwa wakipasua mawe. Kule kulikuwa na kibanda cha baruti. "Ilikuwa vile vile. Hapana musumari, hapana bawaba ya chuma. Chuma ikigonga chuma, inatoa moto kidogo. Moto kidogo ile inatosha, bote munakwisha. Chef wetu, mbele ya kuingia, alikuwa anatoa viato yake. Viato yake ilikuwa na misumari ku chini."

Nilikaa juu ya zile mbao na miguu yangu mitupu, nikaona kila kitu kikijipanga chenyewe. Moto marufuku. Panga na shoka nje. Viatu nje. Matundu ya ukutani yaliyopindwa katikati, hewa ipite na cheche isipite. Hata zile sauti za chini zilikuwa na maana, kwani nani angethubutu kufanya fujo juu ya mapipa ya baruti. Mungu hakuwahi kukaa mle. Tulikuwa tumelivulia viatu ghala la silaha la mfalme.

Mfalme mwenyewe mnamjua, yule wa Wabelgiji ambaye hakuwahi kukanyaga hapa hata siku moja, lakini alitufanya mali yake, sisi na mto na misitu na tembo. Meli zake zilipanda mto mpaka hapa, kwani juu ya hapa maporomoko yanazuia, na hapa zilishusha bunduki, risasi, baruti, chumvi, vitambaa na nyaya za shaba. Zilirudi na pembe na mpira. Vyote vilipita katika mlango ule ambao mimi nilikuwa naunyenyekea. Na baruti ya mle ndiyo iliyowashinda wazee wetu wa Maniema, ambao nao, tuseme ukweli, hawakuwa malaika, kwa sababu walikuwa wamekuja hapa kuwinda watu. Nilikasirikia mfalme, nilikasirikia wazee, nilijikasirikia mwenyewe kwa dua nilizosoma mle ndani nikiwa mtoto.

Ukurasa niliuandika kwa alasiri moja. Sikumsifu mfalme, mniamini. Niliandika kwamba kila bunduki iliyotoka mlango ule ilikwenda kijijini na kurudi na kikapu cha mpira, na kwamba penye kikapu pungufu watu walikatwa mikono. Niliandika kuhusu vijiti vya mti, bawaba za shaba, sheria ya viatu. Niliona nimeandika jambo la kishujaa. Nilitia sahihi kwa mwandiko mkubwa.

Directeur aliusoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alirudi juu, akatoa kalamu, akapiga mstari chini ya sentensi ya kwanza peke yake: Jengo hili lilikuwa ghala na hifadhi ya silaha ya mfalme.

"Parfait, safi kabisa," alisema. "Donc, ni mali ya État, ya serikali."

Hata hapo sikuelewa. Kweli kusoma si kuelewa. Nilitembea mpaka depo nikiwa na nakala mkononi, nikamkuta mama peke yake akishona mdomo wa gunia, nikaanza kumtolea mhadhara. Nilimweleza baruti, nikamweleza shaba, nikamweleza kwamba hapakuwa msikiti wala kanisa, na kwamba nimekwisha kumkabidhi Directeur ukweli wote. Aliendelea kushona mpaka nilipomaliza. Akakata uzi kwa meno.

"Unafikiri mi sikujua?"

Alichomeka sindano kwenye gunia, akanitazama.

"Musikiti gani haina kibla? Mi nasali kila siku, najua Maka iko wapi. Ile nyumba inaangalia maji. Na kanisa gani haina dirisha? Bagenya banajua. Siye tunajua. Nani alipaka bawaba rangi ya weusi, batu basiibe shaba? Iko mi. Mbele we uzaliwe."

"Sasa kwa nini mlikuwa mnasema ni msikiti?"

"Kwa sababu ya batu kama ule Directeur yako." Aliliweka gunia chini. "Chef akikuja, siye tunasema musikiti, Bagenya banasema kanisa, yeye anaogopa, anarudia. Miaka yote ile. Leo we na kalamu yako umemufungulia mulango."

Nilijaribu kujitetea. Nilisema kwamba hata hivyo ni aibu, sisi wajukuu wa waliopigwa kwa baruti ile, kuendelea kutii sheria ya mfalme na kuvua viatu mlangoni mwake. Hapo ndipo mama alipokasirika kweli. Mama akikasirika hapandishi sauti, huongea taratibu zaidi.

"Sheria ya mufalme? Koko, bibi yangu, alibebaka chumvi hapa, musichana mudogo. Alikuwa na viato? Basoda ba mufalme balikuwa na viato? Hapana. Miguu tupu, bote. Ile sheria ilikuwa ya nani?"

Sikuwahi kulifikiria hilo, mimi mwenye digrii. Wabebaji hawakuwa na viatu. Askari weusi wa mfalme hawakuwa na viatu. Sheria ile iliwekwa kwa ajili ya miguu ya maofisa wa Kizungu peke yao, kwa sababu buti zenye misumari walikuwa nazo wao peke yao.

"Koko alisema, mahali pote Muzungu alikuwa anapita na buti yake, hata ku kitanda ya mutu. Ila hapa. Hapa alikuwa anainama, anakaa chini, anatoa, anaingia na miguu kama ya kwetu. Babebaji balikuwa banasimama na muzigo ku kichwa, banamuangalia. Kila siku. Ilipokwisha, Bazungu balipoenda, babebaji balisema: ku mulango hii, kila chef atatoa. Soda, percepteur wa kodi, kila mutu. Ile haiko sheria ya mufalme, mutoto. Iko ya siye."

Aliingia chumba cha ndani na kuniacha pale. Kuanzia siku ile hakunisemesha tena. Akipika aliniwekea sahani, nikisalimia aliitikia kwa kichwa, basi. Niliishi hivyo wiki tano katika nyumba moja naye. Bora angenitukana.

Directeur alikuja na polisi wawili na mpiga picha. Ilikuwa asubuhi ya soko, depo imejaa, wamama wote wapo. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ncha vilivyong'arishwa mpaka vinaonyesha mawingu. Mama alisimama mlangoni mahali pake pa siku zote.

"Viato, Monsieur."

"Mama, hapa si musikiti," alisema Directeur, naye akapunga ukurasa wangu hewani. "Fille yako mwenyewe ameandika. Ni monument ya État. Alors, pardon."

Akapita. Polisi wale wawili, watoto wa mji, walibaki nje wakijifanya wanatazama mto. Directeur alitembea katikati ya vikapu akimwonyesha mpiga picha baa itakapokaa, bunduki za kale zitakapotundikwa, picha ya mfalme itakapowekwa. Kila hatua ilitoa mlio kwenye matofali. Hakuna mtu aliyemjibu, hakuna aliyemzuia. Mama alichukua ndoo na kitambaa, akapiga magoti nyuma yake, akaosha mahali alipokanyaga. Mama mmoja mnene wa Kigenya akachukua ndoo nyingine. Kisha watatu, wanne, kisha wote. Alipoinua mguu, wamama waliosha. Alipogeuka, alikuta nyuma yake wanawake wamepiga magoti na maji yanatiririka kuelekea viatu vyake. Akisogea kando, waliosha ile kando. Wala hawakuwa wakimtazama usoni. Walikuwa wakiosha tu, kwa utulivu ule ule wa kuosha maiti.

Nami nilishika ndoo. Yule Mgenya mnene aliniwekea mkono juu ya mpini, akainyofoa mkononi mwangu bila kusema kitu, akampa mwingine. Nimewahi kufukuzwa chuoni kwa kukosa karo, nimewahi kuachwa na mwanamume, lakini sijawahi kuaibika kama nilivyoaibika pale. Nilisimama ukutani mikono mitupu, nikimwangalia mama yangu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akitembea kwa magoti nyuma ya mtu aliyechukua sentensi yangu moja.

Directeur alimaliza ziara haraka kuliko alivyopanga. Alitoka suruali ikiwa imelowa mpaka kwenye magoti. "Mutaona," alisema akiwa nje, na gari lake likaondoka.

Tuliona. Wiki moja baadaye alikuja huissier, karani wa mahakama anayepeleka barua za kufukuza watu. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mzaliwa wa mji huu, na nitamsifu kwa jambo moja: alivua viatu bila kuambiwa. Alisimama katikati ya depo na bahasha yake, akasema kwamba lazima mtu mmoja atie sahihi kuonyesha kuwa barua imepokelewa na kueleweka. Alimtazama mama. Mama alikunja mikono kifuani. Aliwatazama Wagenya, nao wakawa wanapanga samaki.

"Madame," aliniambia, "wewe unasoma. Wasomee, kisha utie sahihi kwa niaba yao."

Nilisoma. Nilisoma Kifaransa kile cha mahakama na kukigeuza Kiswahili neno kwa neno, kwa sauti ya darasani, ili hata aliye chumba cha ndani asikie. Nilisoma kwamba wamama ni wakaaji wasio na haki. Nilisoma kwamba wanapewa mwezi mmoja kuondoa mali zao. Kisha nikafika kwenye sababu, na sababu ilikuwa kwamba, kwa mujibu wa ripoti ya mwanahistoria, jengo hili lilikuwa ghala na hifadhi ya silaha ya mfalme, na mali ya mfalme ilirithiwa na État. Ningeweza kuruka mstari ule. Hakuna mwingine mle aliyejua Kifaransa isipokuwa huissier. Niliusoma wote, nikaongeza: "Haya maneno ni yangu mimi. Niliyaandika mimi."

Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanajua. Walitaka tu kusikia kama nitasema.

Huissier alininyooshea kalamu. Nikamrudishia.

"Andika wewe," nilimwambia. "Andika kwamba wamama wamekataa kupokea. Andika kwamba aliyeandika ripoti yupo hapa, na amekataa naye. Andika kwamba ripoti ni ya kweli lakini mmeikata kichwa mkaacha mwili. Mfalme hakubeba hata tofali moja la nyumba hii. Waliobeba ni bibi za hawa, na ufunguo mfalme hakumwachia mtu. Aliyefagia mavi ya mbuzi ni mama yangu. Kama mali inarithiwa, basi tuanze kurithi huko."

"Madame, karatasi ina nafasi ndogo."

"Andika nyuma."

Akageuza karatasi. Ninaapa aligeuza. Aliandika akiwa ameiweka juu ya gunia la mchele, nami nikamtajia herufi pale alipokwama.

"Na andika kwamba siku mtakapokuja kutoa watu, mtanikuta ndani."

"Wewe ni mwalimu wa État," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenitakia mema. "Watakutoa kazini."

"Andika."

Aliandika. Mwezi ule wa barua umepita, ukafuatwa na mingine. Huissier amerudi mara mbili, na mara zote mbili ameondoka na maandishi nyuma ya karatasi. Kazini nimeitwa kujieleza na nimejieleza, na barua ya jibu lao bado naisubiri. Directeur yuko Kinshasa, anasema atarudi. Na arudi. Ukurasa wangu nimeuandika upya, sasa ni kurasa kumi na nne, na nimempelekea kila ofisa wa mji huu mwenye meza. Naandika haya nikiwa mle mle, na samaki wa jana wamekwisha kupangwa.

Lakini siku ile, huissier alipovaa viatu vyake na kwenda, mimi sikuwa na ushujaa wowote uliobaki. Sikujua nikae wapi katika depo ambayo wiki tano sikukaribishwa kukaa. Nilijishusha juu ya kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nikainamisha kichwa, nikasubiri kuona nani atazungumza. Wamama walirudi kazini. Mama alipita na kikapu kichwani, akanipita, akasimama, akarudi hatua mbili.

"Sogea," alisema. "Unakalia samaki ya batu."